Barabara Iliyoandikwa Nzuri

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Ungenitazama kwa lile jicho lako la pembeni mpaka nirudie. Dada yako, mama yangu, naye anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Angejua angesema akili imeanza kunichakaa, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa kukaa kumwandikia marehemu. Pengine kweli imechakaa. Nimechoka, Mjomba. Nakuandikia kwa sababu kuna neno moja nimelisema mbele ya watu, linakuhusu wewe, na sitaki ulisikie kutoka kwa watani.

Nitalifikia hilo neno. Niache kwanza nipumue.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Dumila? Ndoa ilikuwa imenishinda, mtoto mgongoni, begi moja, na uso ambao sikutaka mtu autazame. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukwambia, maana kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Ukisema nikae, nakaa. Ukisema nirudi kwa mume, narudi. Nilikukuta umeinama barabarani na jembe, suruali umeikunja mpaka magotini. Hukuniuliza kilichotokea. Ulimtazama mtoto, ukanitazama mimi, ukasema, "Umekuja wakati mzuri. Kipande cha mama yako kimekosa mtu." Siku ya pili yake nikapewa jembe. Mpaka leo nikisikia watu wanazungumzia kupokelewa nyumbani, mimi sikumbuki wali wala kuku. Nakumbuka kipande cha barabara, kuanzia jiwe la mviringo mpaka ile kona ambayo lori la ndizi liliwahi kulala ubavu. Tunapaita Kona ya Ndizi mpaka leo, ingawa watoto wa sasa hawajui kwa nini.

Kila nyumba ilikuwa na kipande chake, ulichokipima mwenyewe kwa mwanzi, na hukumpendelea mtu. Nyumba yenye wanaume wanne ilipewa kipande kirefu, na mjane alipewa kifupi, tena penye kivuli. Na ile rimu ya lori uliyoitundika karibu na ofisi ya kijiji! Ukiigonga mara tatu ni mkutano. Ukiigonga mfululizo ni msaragambo, na hapo hata mwenye kichwa kinachouma alitoka na jembe, kwa sababu kukaa ndani wakati wenzako wako barabarani ilikuwa aibu isiyofutika kirahisi. Ulikuwa mwenyekiti wa kijiji miaka mingi, lakini watu hawakukuita mwenyekiti. Walikuita Mzee wa Barabara, na wewe ulijifanya hupendi.

Ulinifundisha kwamba adui wa barabara ya mlimani ni maji, magari yanasingiziwa tu. "Maji ukiyaonyesha pa kwenda, yanakwenda," ulikuwa unasema. "Ukiyaacha yachague yenyewe, yatachagua barabara." Ukanionyesha jinsi ya kuchonga michirizi, ile mifereji midogo ya kulaza pembeni ili maji yatoke njiani kabla hayajapata nguvu. Ulikuwa unaichonga kwa kuikadiria kwa macho, umefumba moja, kama fundi seremala anayetazama ubao. Mvua ikikatika tu, wengine tukiwa bado tunaota moto, wewe ulikuwa umeshatoka na jembe begani. Mama alikuwa anakutania: "Kaka yangu ameoa wake wawili, na yule mdogo amelala kutoka darajani mpaka hapa."

Sasa nifike kwenye siku ile. Najua huipendi. Na mimi siipendi.

Taarifa ilikuja kwamba watu wa halmashauri watapita kukagua barabara za vijijini, waziandike kwenye orodha, na zile mbaya zitengewe fungu la matengenezo. Mtu mwingine angekaa kimya awasubiri. Lakini sisi, Mjomba, tumelelewa kwamba mgeni haingii kwa njia chafu. Akija askofu tunafagia, akija mchumba wa mtu tunafagia, ikija maiti tunafagia. Ukaigonga rimu siku tatu mfululizo. Tukafyeka majani pande zote mbili, tukaziba mashimo kwa kifusi na kukishindilia kwa miguu, tukizibua mitaro na kuimba. Darajani mkabadilisha magogo. Na mimi, wa kulaumiwa zaidi ya wote, ndiye niliyetoa wazo la kupaka mawe ya pembeni chokaa. Ukafurahi sana. Tukayapaka mpaka barabara ikawa kama ya kambi ya jeshi.

Wageni wakaja. Gari lao lilipanda bila hata kunguruma. Yule mkubwa wao aliposhuka alisema, "Mzee, hongera. Barabara zote tulizopita leo, hii ndiyo yenyewe." Ulivimba kichwa, usikatae. Tukawachinjia jogoo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyodhani. Mimi nilikuwa namimina chai, na karatasi yao ilikuwa mezani, imenigeuzia kichwa chini, lakini unajua nasoma hata maandishi yaliyopinduka. Nikaona: Hali ya barabara, nzuri. Inatunzwa na, wananchi. Nikakimbilia nyuma ya nyumba ulikokuwa unanawa mikono, nikakwambia kwa furaha kabisa, "Mjomba, tumepata nzuri!"

Wiki nzima ulitembea na hilo neno kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kila uliyekutana naye ulimwambia. Tulikuwa tumempaka mgonjwa wanja na poda, tukamshika mkono asipepesuke mbele ya daktari, halafu daktari alipoandika kwamba hana ugonjwa, tukapiga vigelegele.

Yaliyofuata wewe ndiye uliyeyabeba. Mvua kubwa ilipong'oa daraja, ulikwenda kata wakakwambia jambo hilo ni la wilaya. Ukaenda wilayani wakakwambia uanzie kata. Nenda rudi, nenda rudi, na kila safari ulivaa lile koti lako la kahawia na kubeba barua yenye muhuri. Nilikusindikiza mara moja, na sitasahau. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka watu wakaenda kula na kurudi. Halafu kijana mmoja akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema kwa upole tu, wala hakuwa mtu mbaya: "Mzee, hii hapa inaonyesha nzuri. Na inatunzwa na wananchi. Kwa hiyo si ya kwetu, ni ya kwenu."

Ukamwambia, "Mwanangu, hiyo nzuri tuliitengeneza sisi siku tatu."

Akasema, "Basi itengenezeni tena."

Tulitembea mpaka stendi ya Msamvu, na ulipokaa kwenye gari ulivua koti, ukalikunja, ukaliweka mapajani. Ndipo nilipokuona umezeeka. Nilitaka kukwambia kwamba kosa lilikuwa langu, mimi na chokaa yangu, lakini sikusema. Leo nasema.

Uliendelea kuigonga rimu. Lakini watu nao wanachoka, Mjomba, na mimi siwalaumu. Vijana waliteremka mjini, wengine Dar, na nyumba yenye wanaume wanne ikabaki na bibi na mbuzi. Waliobaki wakaanza kuuliza, "Kwani sisi ndio halmashauri?" Ulikuwa ukiwajibu kwamba serikali ni sisi. Ulilisema hilo kila mkutano, na ulikuwa unaliamini. Mimi niseme ukweli wangu, neno hilo limenichosha kuliko jembe. Serikali ikitaka ushuru wa ndizi zetu pale kizuizini, serikali ni wao. Barabara ikikatika, serikali ni sisi. Hatukukataa kufanya kazi, tumeifanya tangu wazee wenu walipoichonga hiyo barabara kwa sururu. Lakini daraja haliwezi kujengwa kwa aibu ya majirani. Kuna kazi ya jembe la kijiji, na kuna kazi ya greda na kalavati na mhandisi, na aliyechanganya hizo mbili kwenye karatasi moja alitutwisha mzigo ambao hata punda angegoma.

Mwishowe ukabaki wewe na mimi. Halafu nikabaki mimi.

Ulifia mjini, hospitalini, na gari lililokurudisha likagotea darajani, ambapo sasa pamebaki magogo mawili na sala. Kutoka pale vijana walikubeba begani wakipokezana, jua linawaka, jasho linawatoka. Tulipofika Kona ya Ndizi, mtani wetu Mzee Kondo, unamjua alivyo, akajilaza katikati ya njia kama gogo. "Haipiti maiti hapa!" akapiga kelele. "Huyu marehemu alitutangazia barabara nzuri. Mbona anabebwa kama gunia la viazi? Aamke ajibu kwanza!" Watu wakacheka, kama inavyopasa kucheka mbele ya mtani, na mama naye akacheka huku machozi yanamtoka. Tukampa chochote akainuka, akapangusa vumbi, kisha yeye mwenyewe akaingiza bega chini ya jeneza lako, mzee wa umri ule, akakubeba mpaka nyumbani. Mimi peke yangu ndiye ambaye sikucheka.

Sasa nikueleze ya hivi karibuni.

Dada yako hajambo, lakini si sana. Ana presha, na mguu wa kushoto unavimba, na daktari anataka amwone mjini kila mwezi. Bodaboda zinaishia darajani. Kwa hiyo kila mwezi tunamkalisha kwenye kiti cha plastiki tulichokifunga kwenye miti miwili, vijana wanne wanamteremsha, na jioni wanampandisha. Hao wanne ndio waliobaki kitongoji kizima wenye mabega ya kazi hiyo, na mmoja wao ameshaniaga kwamba anakwenda Gairo kwenye biashara ya karanga. Mdogo wangu Sebastiani, aliyejenga Kihonda, kule mjini, anataka kumchukua mama akaishi naye. Nyumba ina umeme, ina maji ndani, hospitali iko karibu. Mama hataki hata kusikia. "Nikishuka hai," anasema, "nitapanda na mabega ya nani?" Anataka kulala pale ulipolala wewe, na bibi, na mama wa bibi. Anahesabu mabega, Mjomba, na hesabu haimpi.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba watu wa barabara watapita upya, kuandika orodha upya, Sebastiani alipanda tukakaa watatu, mama akiwepo. Akasema, "Dada, wakiiingiza barabara kwenye orodha, mama abaki, nitavumilia. Wasipoiingiza, kabla masika hayajaanza nakuja kumchukua, na safari hii siombi." Mama akatazama ukutani. Mimi nikakubali. Ningefanyaje?

Mimi ndiye mwenyekiti wa kitongoji siku hizi, usicheke. Nikaigonga rimu mara tatu. Nikawaambia watu: safari hii hakuna kugusa kitu. Hakuna kufyeka, hakuna kuziba shimo, hakuna kuzibua mtaro. Waione ilivyo. Halafu mama, aliyekuwa amekaa mbele kwenye kiti chake, akauliza kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Yaani mgeni tumpitishe kwenye majani kama ng'ombe? Kaka yangu angesemaje?"

Nikasema, "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Tulishaficha mara moja."

Watu wakaniunga mkono, Mzee Kondo wa kwanza, lakini niliona mama hakuridhika. Na mimi mwenyewe, nikwambie ukweli, nilikuwa naumwa na uamuzi wangu. Mvua ilinyesha mara mbili kabla wageni hawajafika. Nilikaa dirishani nikisikiliza maji yakichagua barabara. Jembe lako liko nyuma ya mlango wangu, nimelitia mpini mpya, na mkono ulikuwa unaniwasha. Ningetoka robo saa tu ningeyaonyesha maji pa kwenda. Sikutoka. Nimewahi kumnyima mtoto chakula kwa sababu daktari alitaka kumpima tumbo tupu. Nilijisikia hivyo hivyo.

Siku yenyewe niliteremka asubuhi kuwapokea darajani. Gari lilikuwa limesimama ng'ambo, dereva ameegemea mlango, na mhandisi wao, kijana mdogo tu umri wa wanangu, amesimama kwenye ukingo anayatazama magogo. Akaniamkia. Nikaitikia.

"Mama, hapa gari halipiti," akasema. "Na kifaa cha kupimia kimefungwa kwenye gari. Barabara ambayo gari halikufika, mfumo unaandika tu haikufikiwa. Haiingii kwenye mbaya, haiingii kwenye nzuri."

Sikupandisha sauti, sina tena sauti ya kupandisha. Nikamwambia, "Mwanangu, mara ya kwanza tuliifagia, mkaandika nzuri. Leo tumeiacha, mnaandika hamkufika. Sasa ugonjwa wetu mnataka uweje ndipo muuandike?"

Dereva akasema, "Bosi, tuna barabara nyingine mbili leo."

Kijana akatazama viatu vyake. Viatu vya mjini, vizuri. Akauliza, "Kwa mguu ni mbali?"

"Kwa mguu wangu saa mbili," nikamwambia. "Kwa wako sijui."

Akacheka kidogo, akakunja suruali mpaka magotini. Ile suruali iliyokunjwa ndiyo iliyonifanya nigeuze uso.

Tulipanda. Sikumsimulia kitu, barabara ilijieleza. Pale kwenye mteremko wa migomba korongo limefika kifuani. Kona ya Ndizi nusu ya njia imeshuka bondeni na majani yake. Alianguka mara moja, akajipangusa, akaendelea kupiga picha kwa simu. Karibu na jiwe la mviringo akachuchumaa pembeni, akaondoa majani kwa mkono, akakuta mchirizi wako mmoja, wa zamani, bado umekaa na ulalo wake. Akauliza, "Nani alichonga hii? Imekaa kitaalamu kabisa."

Nikasema, "Kulikuwa na mzee mmoja."

Halafu tukatokea karibu na nyumba. Dada yako alikuwa amefagia. Mwenyewe, na mguu wake ule, kwa ufagio wake wa chelewa, kuanzia mlangoni mpaka kwenye jiwe la mviringo. Asingeweza kuziba mashimo, basi ameyafagia. Amefagia mpaka ndani ya korongo. Korongo safi, Mjomba, halina hata jani. Nilitaka kugomba nikashindwa, nilitaka kucheka nikashindwa.

Alikuwa amekaa barazani na kitenge kipya. "Karibu mwanangu," akamwambia kijana. "Za njiani?"

Wewe na mimi tunajua jibu la salamu hiyo. Hata uwe umeporwa njiani, unajibu nzuri, ndipo baadaye, ukishakunywa maji, unasema yaliyokupata. Kijana alikuwa anahema, matope mpaka kwenye mapaja. Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, "Mbaya, bibi. Njia ni mbaya sana. Poleni."

Mama hakuwahi kujibiwa hivyo na mgeni maisha yake yote. Akayatazama yale matope. Kisha akasema taratibu, "Pole na wewe. Kaa," akaniambia nilete chai.

Kishikwambi chake hakikupata mtandao, akatoa daftari akaandika kwa kalamu, akisoma kwa sauti ili tusikie. Hali ya barabara, mbaya sana. Daraja, hakuna. Safari hii sikuhitaji kusoma kichwa chini. Halafu akafika kwenye ile sehemu: inatunzwa na nani? Akaweka kalamu. "Hapa naomba mnielewe," akasema. "Nikiandika wananchi, itarudi kwenu vile vile. Nikiandika hakuna, inaingia kwenye barabara zisizo na mtunzaji, na hapo halmashauri italazimika ama kuichukua, ama kueleza kwa maandishi kwa nini haiichukui."

Mama akainua kichwa. "Kaka yangu alikuwa..." akaanza. Nilijua anataka kutaja jina lako, lote, na jina la ukoo, kama anavyolitaja kanisani kwenye misa ya marehemu. Alitaka liandikwe. Mtu ameitunza barabara maisha yake yote na hakuna karatasi hata moja duniani yenye jina lake, na hii hapa imepatikana, ina nafasi tupu, na kijana ana kalamu mkononi.

Nikamkatiza. Nikasema, "Hakuna."

Kijana akanitazama. "Na yule mzee aliyechonga?"

"Amefariki."

"Kwa hiyo niandike hakuna?"

"Andika hakuna," nikasema.

Akaandika. Hilo ndilo neno, Mjomba. Nimekuambia. Mbele ya dada yako, kwenye baraza lako, nimesema kwamba hiyo barabara hakuna aliyeitunza.

Mama aliinuka, akashika ukuta, akaingia ndani, na hakutoka kumuaga mgeni. Siku ile hakuniongelesha mchana kutwa. Jioni tulikuwa tunapukuchua maharage, kila mtu na ungo wake, ndipo akasema bila kuinua macho, "Umefanya sawa. Lakini ungesubiri mimi nitoke."

Sina la kujitetea. Nilimpima dada yako akiwa hai na wewe ukiwa umelala, nikachagua aliye hai. Nadhani na wewe ungechagua hivyo. Wewe uliyeniona barabarani na begi langu moja, ukaangalia mtoto kwanza. Lakini kudhani si sawa na kukuuliza, na nafasi ya kukuuliza sina. Nasikia uchungu, na sitaki kuusema kwa mafumbo. Naona nimekuzika mara ya pili, na safari hii bila mtani wa kulala njiani kunizuia.

Majibu hayajaja. Yule kijana, Mungu amtunze, alinitumia ujumbe: "Mama, nimeiwasilisha kama nilivyoiandika. Tusubiri." Tusubiri ni neno ninalolijua vizuri, nimekaa nalo kwenye benchi. Sebastiani anapiga simu kila Jumapili baada ya misa, anauliza kama kuna lolote, nami namwambia bado, na mama anajifanya hasikii. Kilele cha Bondwa kimeanza kujifunika wingu tangu asubuhi. Masika hayako mbali. Yakija kabla ya majibu, Sebastiani atakuja na gari mpaka darajani, tutamteremsha mama kwenye kiti chake, na sitakuwa na neno la kumpa.

Jembe bado liko nyuma ya mlango. Siligusi, maana wakija tena wakakuta mtaro umezibuliwa, watauliza nani amezibua.

Ila jana nimevunja amri yangu mwenyewe kidogo. Nilichukua ufagio wa mama nikaja kwako. Najua ulinisikia, nilikuwa naguna na mgongo. Nikang'oa majani, nikafagia kaburi, nikafagia na kinjia chako, taratibu, kwa ulalo ule ulionifundisha, ili mvua ikija isikusumbue. Nilifika kwenye ukingo wa barabara. Mchirizi wako wa mwisho uko pale pale, umejaa udongo, na kwa mkono tu ningeuzibua. Nikasimama. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Nisamehe, Mjomba, na ulale.

Mimi mpwa wako,
uliyempa kipande kutoka jiwe la mviringo mpaka Kona ya Ndizi.